Ukurasa wa Mwalimu: Jibu lisilo sawa lina njia yake, tumuulize mtoto amepita wapi

Wiki hii tunazungumza juu ya jambo linaloleta kelele katika nyumba nyingi kila jioni, wakati kaye inapofunguliwa mezani na biki nyekundu ya mwalimu inapoonekana. Ni makosa ya watoto katika hesabu na sayansi.

Wamama wengi wanatuuliza mlangoni mwa shule: "Mwalimu, huyu mtoto ana shida gani? Mbona anajibu ovyo?" Swali ni zuri. Lakini neno hilo "ovyo" ndilo tunataka kulichunguza leo. Sisi tunaoshinda darasani tunaona kila siku kwamba watoto wawili wanaweza kuandika jibu lile lile lisilo sawa, na shida zao zikawa mbali kama Bukavu na Kisangani. Mmoja amebahatisha: hakufikiri, ametupa namba yoyote ili swali limtoke machoni. Mwingine amefikiri sana, amefuata njia yake hatua kwa hatua, lakini njia yenyewe ina kosa ndani. Kwenye kaye wote wawili wana sifuri. Lakini magonjwa mawili hayatibiwi kwa dawa moja, na anayetumia fimbo kwa wote wawili hamponyi hata mmoja.

Kosa lenye akili ndani yake

Tuanze na yule aliyefikiri. Mpe mtoto wa mwaka wa tatu ao wa nne wa msingi hesabu hii: 52 kutoa 38. Wengi wataandika 26. Mama akiona hivyo anasema mtoto anacheza. Hachezi. Tumfuate polepole. Upande wa kulia ameona 2 juu na 8 chini, akatoa 2 katika 8, akapata 6. Upande wa kushoto ametoa 3 katika 5, akapata 2. Ndiyo 26. Tangu mwaka wa kwanza alisikia kwamba kidogo ndicho kinachotolewa katika kikubwa, na yeye ametii: kila mahali ametoa kidogo katika kikubwa. Mpe tena 71 kutoa 46, ataandika 35. Mpe kumi za namna hiyo, atakosa kumi zote kwa namna moja.

Hiyo ndiyo alama ya kutambua. Kosa lenye sababu linarudi vile vile. Kumwambia mtoto huyu "tia akili" ni kumpotezea muda, maana akili ameishatia. Anahitaji kuona kwa macho yake pahali njia yake inapovunjika. Chukueni njiti za kiberiti, mfunge mafungu matano ya njiti kumi kumi, muweke na njiti mbili pembeni. Hizo ni 52. Mwambieni atoe 38. Ataanza na zile 8, atazitafuta katika zile mbili, hatazipata. Nyamazeni, mumwache. Baada ya kitambo atafungua fungu moja yeye mwenyewe. Sasa ana mafungu manne na njiti 12. Anatoa 8, zinabaki 4. Anatoa mafungu matatu, linabaki moja. Ni 14. Kile alichokifungua kwa vidole vyake hakisahau upesi.

Kosa la pili la namna hiyo liko katika namba zenye koma. Muulizeni mtoto wa mwaka wa tano: kati ya 0,5 na 0,25, ipi ni kubwa? Wengi watasema 0,25, kwa sababu 25 inapita 5. Tena wana sababu: miaka yote walihesabu namba nzima, na huko 25 inapita 5 kweli. Hakuna aliyewaonyesha vizuri kwamba nyuma ya koma mambo yanageuka. Mama anayeuza mafuta ya ngazi anaweza kufundisha hilo kuliko kitabu: nusu ya litri ni 0,5, robo ya litri ni 0,25. Mimineni mbele yake, aone chupa ipi imejaa zaidi. Na ya sehemu ni vile vile. Mtoto anasema robo ni kubwa kuliko theluthi kwa sababu 4 inapita 3. Kateni mkate mmoja mara tatu na mwingine sawa na huo mara nne, halafu mwambieni achague kipande. Tumbo litamfundisha.

Musifikiri haya ni mambo ya alama za buletini tu. Katika nyumba nyingi mama akiwa sokoni, ni binti mkubwa anayempa mtoto mchanga dawa. Kwenye karatasi ya siro imeandikwa 2,5 ml. Binti asiyeelewa koma ni nini anaweza kusoma 25. Hiyo ni dawa mara kumi. Basi kosa dogo la kaye linaweza kutembea mpaka kwenye kitanda cha mtoto.

Yale ambayo macho yanatudanganya

Katika sayansi ni hivyo hivyo. Mtoto haji darasani na kichwa kitupu. Anakuja na sayansi yake aliyoijenga kwa macho na masikio, nyumbani, njiani, kisimani. Gaston Bachelard, mwalimu Mfaransa tunayemsoma tukisomea ualimu, alieleza jambo hili katika kitabu chake cha mwaka wa 1938: kinachozuia maarifa mapya kuingia mara nyingi ni yale ambayo mtu anadhani ameishayajua.

Mfano ni maji. Mtoto anasema maji haya ni safi kwa sababu yanaangaza, unaona mpaka chini. Ana sababu yake: tangu utoto tunamwambia "usinywe maji machafu", na tunamwonyesha maji ya matope. Kwa hiyo ameelewa kwamba uchafu ni rangi. Sisi tunaoishi pembeni ya maziwa haya tunajua kolera ni nini, na kolera haina rangi. Mkimwambia tu "kuna vijidudu", atajibu "ndiyo mwalimu" na ataendelea kunywa. Fanyeni hivi: tieni chumvi kidogo katika glasi ya maji safi yaliyochemshwa, mkoroge mpaka ipotee. Muulizeni: unaona kitu? Atasema hapana. Mwambieni aonje. Hapo ameshikwa na ulimi wake mwenyewe: ndani ya maji yanayoangaza kunaweza kuwa na kitu ambacho jicho halioni. Tangu hapo habari ya kuchemsha maji ao kuyatia klori ina pahali pa kukaa katika kichwa chake.

Mfano wa pili ni wetu sisi wakubwa pia. Wengine wanasema mtoto anayehara asipewe maji, kwa sababu maji yataongeza kuhara. Kwa macho inaonekana kweli: anakunywa, halafu anatoka. Lakini kinachoua katika kuhara ni mwili kukauka, na maji yanayotoka ni lazima yarudishwe. Ndiyo maana anaendelea kunyonya, na anapewa maji ya chumvi na sukari: litri 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu ya kijiko kidogo cha chumvi, huku mkimpeleka kwenye kituo cha afya. Angalieni tena: hapo kuna litri, kuna 6, kuna nusu. Anayebahatisha vipimo hivyo, akatia chumvi vijiko 6 na sukari nusu, anamwongezea mtoto hatari.

Na mtoto asione haya akikosea, maana hata wakubwa wa sayansi walipita njia zenye kosa. Zaidi ya miaka 350 iliyopita, Jan Baptist van Helmont wa Brussels alitaka kujua mti unakula nini. Alipanda mti mdogo katika chombo cha udongo aliokuwa ameupima, akaunywesha maji tu kwa miaka 5. Mti ulioanza na kilo 2 na kidogo ulifika kilo 76 hivi, na udongo ulipungua kama gramu 60 tu. Kwa hiyo aliona kwamba mti haukujengwa kwa udongo, na hapo alikuwa na haki. Akamaliza kwa kusema mti wote umetoka katika maji, na hapo alikosea, maana hakuhesabu hewa. Baadaye wengine walionyesha kwamba majani yanachukua hewa na kuijenga kuwa chakula kwa nguvu ya jua. Kosa lake lilikuwa na njia iliyoandikwa vizuri, ndiyo maana wengine waliweza kuifuata na kuinyoosha.

Kubahatisha: mlango wa kukimbilia

Sasa tuje kwa yule asiyepita njia yoyote. Mwaka wa 1980 hivi, kule Grenoble, Ufaransa, watafiti wa ufundishaji wa hesabu waliwapa wanafunzi 97 wa miaka ya mwanzo ya msingi swali hili: katika meli kuna kondoo 26 na mbuzi 10, kapteni ana umri gani? Wamama, mnacheka, na ni haki yenu. Swali halina jibu. Lakini wanafunzi 76 walijibu, wakichukua zile namba za kondoo na mbuzi ili kupata umri wa kapteni. Ni watoto wenye akili nzuri, sawa na wetu. Ukimuuliza mtoto huyo barabarani, atakucheka wewe. Lakini kwenye meza ya shule ameishajifunza sheria nyingine: swali la mwalimu lazima lijibiwe, namba zikiwepo lazima zichanganywe, na anayenyamaza ndiye anayepata aibu.

Kwa hiyo kubahatisha mara nyingi ni woga, si uvivu. Mtoto anaona kwamba "sijui" inaleta kicheko cha wenzake na hasira ya mkubwa, lakini namba yoyote inafunga swali. Na siku hizi, tangu msingi ulipofanywa bure mwaka wa 2019, watoto wengi wameingia shuleni, jambo la kufurahia, lakini benchi zimejaa. Mwalimu mwenye darasa lililojaa hana nafasi ya kumuuliza kila mmoja alifika kwenye jibu namna gani. Anasahihisha namba ya mwisho, anapita.

Tuongeze shida ya luga. Miaka ya kwanza mtoto anafundishwa kwa Kiswahili, halafu anapaswa kufikiri kwa Kifaransa. Anapewa swali: Paul ana maembe 8, ana 3 zaidi kuliko Marie, Marie ana ngapi? Kwa Kifaransa limeandikwa neno "plus". Mtoto asiyeelewa sentensi anashika neno moja analolijua, anajumlisha, anaandika 11. Jibu ni 5. Mkimsomea lile swali kwa Kiswahili cha nyumbani, mara nyingi analipata. Hapo hesabu haikuwa shida hata kidogo.

Halafu ni mitihani yetu mikubwa, wa kumaliza msingi na mtihani wa Serikali, yenye maswali ya kuchagua jibu. Watoto wanaambiana: "Usiache tupu, weka tu." Tuhesabu pamoja. Kukiwa na maswali 20, na kila swali lina majibu 5 ya kuchagua, anayebahatisha tupu atapata kwa wastani 4. Ili apate nusu anahitaji 10. Bahati haimfikishi. Tena wanaotunga mitihani wanajua makosa ya watoto: kwenye 52 kutoa 38, mwamini kwamba 26 itakuwa mle kati ya majibu, inamngoja. Mtoto mwenye njia mbaya atalichagua kwa furaha, na anaweza kupata chini ya yule aliyefumba macho. Lakini sisi walimu tukiulizwa ni yupi tunayetaka kuanza naye, tutamchukua huyo mwenye njia mbaya. Njia iliyopinda inanyooshwa. Pasipo njia, kwanza lazima tufungue pori.

Sokoni anajua, kwenye kaye anapotea

Wamama wauzaji watatuelewa hapa. Mwaka wa 1985 watafiti watatu wa Brazili walitoa habari ya watoto wauzaji wa barabarani katika mji wa Recife. Waliwafuata watoto 5 kwenye biashara yao, wakanunua na kuwauliza bei kama wateja. Watoto walijibu sawa karibu 98 kwa 100. Baadaye waliwapa hesabu zile zile kwenye karatasi, namba tupu: wakapata 37 kwa 100 tu. Mmoja aliulizwa bei ya nazi 10, kila moja 35. Hakuongeza sifuri kama tunavyofundisha shuleni. Alihesabu tatu tatu: 105, halafu 210, halafu 315, akaongeza 35, akasema 350.

Sisi tuna watoto hao hao. Yule anayeuza sambaza jioni na kurudisha chenji bila kukosa faranga, ndiye yule anayepata 3 kwa 10 katika enterogasio. Sokoni kila namba ina maana: akikosea, mteja atapiga kelele ao mama atapata hasara. Kwenye kaye namba ni alama tu. Kwa hiyo mama asiseme "huyu hana kichwa cha hesabu". Kichwa anacho. Kinachokosekana ni daraja kati ya soko na kaye, na daraja hilo mama anaweza kulijenga kuliko mwalimu.

Tufanye nini nyumbani

Mama asiyesoma asipite ukurasa huu akisema si wake. Haya hayahitaji diploma.

Kwanza, kabla ya kusema ndiyo ao hapana, uliza: "Umefika hapo namna gani?" Uliza hivyo hata jibu likiwa sawa, ili mtoto asijue kwa sura yako kama amekosea. Mwenye njia atakueleza. Aliyebahatisha atakaa kimya ao atabadilisha jibu haraka. Hapo umeishajua ugonjwa ni upi, hata kama wewe mwenyewe hujui jibu.

Pili, ruhusu "sijui" nyumbani kwako. Mtoto akisema sijui, mwambie: "Vema. Nionyeshe pahali ulipoacha kujua." Mtoto anayeweza kuonyesha pahali hapo, nusu ya kazi imekwisha.

Tatu, aliyefikiri vibaya usimshinde kwa maneno. Mpe kitu cha kushika: njiti, mkate, chupa, kopo la Guigoz la kupimia maharagi. Na kwanza aseme anachotegemea kuona, ndipo mfanye. Mwambie aangushe jiwe kubwa na jiwe dogo pamoja kutoka begani. Wengi watasema kubwa litatangulia. Mwache asikilize yakigonga chini.

Nne, mwambie asome swali na alieleze kwa Kiswahili kabla ya kushika biki. Akishindwa kulieleza, hajalielewa, asianze kuhesabu.

Tano, mbele ya watoto tusiseme: "Hata mimi hesabu zilinishinda, ni damu yetu." Na zaidi tusiwaambie wasichana wetu kwamba hesabu ni za wavulana. Hilo nalo ni wazo lisilo la kweli, sawa na lile la maji yanayoangaza, lakini lenyewe linasomwa nyumbani. Msichana anayeamini hivyo anaacha kutafuta njia, anaanza kubahatisha, halafu alama mbaya zinakuja kuthibitisha lile aliloambiwa.

Tunasema haya katika gazeti la wamama kwa sababu mtoto wa leo ndiye atakayeshika kitabu cha MUSO ao cha AVEC kesho. Kila kikundi kinajua uchungu wa kasha ambalo hesabu zake hazifanani na pesa zilizomo. Mara nyingine hakuna mwizi: kuna mtu aliyebahatisha riba, akaona haya kusema "sijui".

Kwa mkutano wa wiki ijayo tunaomba jambo moja. Kila mama alete jibu moja lisilo sawa la mtoto wake, pamoja na maelezo ya mtoto namna alivyofika hapo. Alama ziacheni nyumbani. Leteni njia zile, tuzisome pamoja, na katika ukurasa ujao tutachagua tatu na kuonyesha namna ya kuzinyoosha.